Mwanafunzi na Programu ya Kuchorea Ramani

Kijana wa Mombasa au Unguja aendaye kusomea usanifu majengo katika mji wa bandari wa Jeddah haoni ugeni mkubwa akiingia Al-Balad, mji mkongwe uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, kwani nyumba zake ni za mawe ya matumbawe kama za kwao, na roshani zake za mbao zimetokeza juu ya njia. Taabu humpata anapoamriwa kuichora roshani moja kwa kompyuta, na programu hana.

AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ndiyo itumiwayo aghalabu maofisini, nayo kampuni ya Autodesk humpa mwanafunzi aliyethibitishwa leseni ya mwaka mmoja bila malipo, awezayo kuihuisha maadamu yungali masomoni. Ila haijuzu kuitumia kwa kazi ya ujira. Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, haiendi ila juu ya Windows, basi mwenye Mac na atahadhari. LibreCAD ni ya bure daima, hata baada ya shahada.

Kipimo changu cha kuchagua programu ni ile roshani yenyewe: chora tundu moja la kimia chake, ulihifadhi kama kipande, ulirudie mpaka dirisha lijae, kisha usahihishe lile moja, utazame kama yote yamefuata. Halafu lifungue faili la mwalimu wako; likifunguka na mistari au vipimo vimepotea, programu hiyo, japo nzuri namna gani, haikufai kwa masomo hayo.

Nawasihi wanafunzi wafanye jaribio hilo kabla ya kununua hata kompyuta.