Shule ya Nakshi Chini ya Miti

Anayetafuta nakshi ya kutarizi, kuchonga au kuchapa kitambaani hukimbilia maua makubwa: waridi, alizeti na jamaa zao. Sababu inaeleweka. Maua hayo yanaonekana kutoka mbali, na mteja hahitaji kuelezwa ni maua gani. Tatizo lake ni kwamba yameshachorwa mno. Mkono wa fundi unalijua waridi kabla jicho lake halijaliangalia, hivyo kinachotokea kitambaani ni waridi la kalenda ya mwaka juzi. Ua la msituni lenye upana wa ukucha halina picha iliyolitangulia kichwani. Anayetaka kulichora hana budi kuinama, kusogeza majani, kuhesabu petali na kuona zimeungana wapi. Kuinama huko ndiko kunakomfaa fundi, maana anajifunza ua lilivyoundwa badala ya kukariri sura yake, na nakshi inayodumu hutegemea muundo.

Mfano mzuri uko katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, huota mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau au buluu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akautambulisha kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo vizazi vyake vimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wakuzaji wa mimea wamevipa maua makubwa zaidi, mengine yenye petali nyingi na kingo zilizokunjamana. Wanunuzi wanayapenda. Lakini kwa fundi, ua la asili lina faida kubwa zaidi, kwa sababu halifichi kitu. Petali zake ni tano zisizolingana: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni pana, kwa hiyo ua lina juu na chini kama uso wa mtu. Katikati mna vifuko viwili vya chavua vya manjano makali. Tena, kijiti cha kike kinachopokea chavua hakikai katikati. Katika maua mengine huelekea kushoto, katika mengine kulia, kila upande ukiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Mchoraji wa kanga akiona hilo amepata kanuni nzima ya kazi: umbo lilelile ligeuke mara huku, mara kule, na mji wa kanga utapata mwendo bila kuongezewa rangi wala umbo jipya. Mshonaji wa kofia za viua, ambaye hana rangi nyingi za kuchezea, anaweza kuchukua uwiano wa mbili juu na tatu chini akaupanga kwa vitundu vyake. Wote wawili hawakuchora ua hilo, na bado wamelitumia.

Karl Blossfeldt wa Berlin aliifanya kazi ya namna hiyo kuwa somo. Alianza kama mwanagenzi katika kiwanda cha kusubu chuma, kisha akawa mwalimu wa sanaa za mapambo. Kwa zaidi ya miaka 30 alipiga picha za mimea, mingi ikiwa ya kuokotwa kando ya njia, kwa kamera alizojitengenezea, akiikuza hata mara 30. Zilikuwa zana za darasani tu. Zilipotolewa kitabuni mwaka 1928, kwa jina la Urformen der Kunst, wasomaji waliona machipukizi ya jimbi yaliyojipinda kama kazi ya mhunzi, na vikonyo ambavyo mtu angeapa ni nguzo za jengo. Gugu ambalo watu hulikanyaga lilikuwa na mistari ambayo fundi wa chuma huitafuta kwa jasho.

Hapa kuna pingamizi la haki. William Morris, Mwingereza aliyesifika kwa karatasi za ukutani zenye maua madogo, hakuipata nakshi yake ya Daisy ya mwaka 1864 kwa kuinama nyasini. Mpangilio wake aliutoa kwenye pazia lililochorwa ndani ya hati ya karne ya 15. Je, si ushahidi kwamba sanaa huzaliwa na sanaa? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini Morris alikulia karibu na msitu wa Epping na aliijua mimea kwa macho yake. Hati ile ilimpa namna ya kupanga vichaka, na ujuzi wa mimea ulimwezesha kuvichora vikasimama vyenyewe. Fundi anayenakili kutoka kwa fundi mwenzake bila ujuzi huo hurithi pia makosa ya mwenzake, na hana njia ya kuyagundua.

Wengine watasema simu imemaliza kazi hii: piga picha, ikuze, ichape. Picha inasaidia, na Blossfeldt ni shahidi. Ila yeye aliuchagua mmea, akaupogoa na kuusimamisha hadi muundo wake uonekane. Kamera ilikuja baadaye. Picha ya haraka iliyopigwa kutoka juu haionyeshi upande wa chini wa jani wala mahali petali zinapoungana, na hayo ndiyo anayoyahitaji mchongaji.

Pingamizi zito zaidi linahusu maua yenyewe. Baadhi ya aina za ua la Usambara huota sehemu chache tu, na msitu unaozitilia kivuli ukikatwa, hazina pa kukimbilia. Kulichuma kwa ajili ya mchoro ni ubadhirifu; lichorwe palepale lilipo. Tena hakuna lazima ya kwenda Usambara. Kando ya mashamba mengi ya Afrika Mashariki kuna magugu ya jamii ya Commelina, yenye petali mbili za buluu zilizo wazi na ya tatu ndogo, iliyojificha chini. Hayako hatarini, na mkulima atashukuru yakipungua. Ila kila ua hufunga ifikapo mchana, kwa hiyo daftari litoke mapema.