Marafiki watatu, nyumba moja, siku 12: Siri ya filamu ndogo ya mapenzi

WAHENGA walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Lakini inakuwaje pale kikohozi hicho kinapowashika watu watatu kwa wakati mmoja, ndani ya nyumba moja kisiwani, huku kila mmoja akijibana ili wenzake wasisikie?

Hilo ndilo swali linalobebwa na Your Sister's Sister, filamu ya kuchekesha ya mapenzi ambayo jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Dada wa Dada Yako". Iliandikwa na kuongozwa na Lynn Shelton wa mjini Seattle, Marekani, na kuoneshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2011 katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, Kanada.

Filamu hiyo ina urefu wa dakika 90 na waigizaji wakuu watatu tu. Ilipigwa kwa siku 12, sehemu kubwa ikiwa ndani na nje ya nyumba moja, kwa bajeti iliyoripotiwa kuwa takriban dola 125,000 za Marekani. Kwa vipimo vya Hollywood, ambako vichekesho vya mapenzi vya kawaida hugharimu mamilioni ya dola, hicho ni kiasi kidogo mno.

Pamoja na hayo, ilipata msambazaji, ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani Juni 2012 na kuingiza huko zaidi ya dola milioni 1.5. Namna ilivyofika hapo inaeleza mengi kuhusu filamu huru, na pia kwa nini kisa cha mapenzi ya watu watatu ndicho kimbilio la watengenezaji wengi wasio na fedha.

Filamu huru ni ipi?

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya mfumo wa studio kubwa. Studio hutoa fedha, hukodi nyota, hudhibiti mswada na hatimaye humiliki kazi. Mtengenezaji huru hutafuta fedha mwenyewe, mara nyingi kiasi kidogo kutoka kwa watu wachache, na uamuzi wa mwisho hubaki mikononi mwake.

Gharama ya uhuru huo ni kwamba hakuna aliyeahidi kuinunua kazi. Ndiyo maana matamasha kama ya Toronto na Sundance ni muhimu: kwa mtazamaji ni sherehe, lakini kwa mtengenezaji huru ni soko. Filamu huoneshwa, wasambazaji huitazama, na anayeipenda hununua haki ya kuipeleka kwenye majumba ya sinema. Kwa Your Sister's Sister, aliyeipeleka sokoni nchini Marekani ni kampuni ya IFC Films.

Shemeji au mpenzi?

Kisa kinaanza katika hafla ya kumkumbuka Tom, kijana aliyefariki dunia mwaka mmoja kabla. Marafiki wanamsifu marehemu. Ndipo nduguye Jack, anayeigizwa na Mark Duplass, anaposimama na kuharibu shughuli kwa kueleza kwamba Tom hakuwa malaika kama wanavyodhani.

Anayemtoa nje ni Iris, anayeigizwa na Emily Blunt. Iris ni rafiki wa karibu wa Jack, na aliwahi kuwa mpenzi wa marehemu Tom. Anaona wazi kwamba huzuni imemwelemea mwenzake, hivyo anamtaka aende kwenye nyumba ya mapumziko ya baba yake, kisiwani, akae peke yake atulize akili.

Msomaji wa Kiswahili anaona jambo ambalo wahusika hawalitamki. Kwa mazoea ya hapa, Jack angemwita Iris shemeji. Neno hilo moja lingetosha kuweka mpaka kati yao, hata kama ndoa haikuwapo. Katika filamu hakuna neno la namna hiyo, lakini mpaka upo: kivuli cha marehemu kinakaa katikati, na kila mmoja anasita kuuvuka.

Jack anafika kisiwani kwa baiskeli na kukuta nyumba ina mtu. Ni Hannah, anayeigizwa na Rosemarie DeWitt, dada wa Iris kwa baba, mama mbalimbali. Naye amekimbilia huko kuuguza moyo baada ya kuachana na mwanamke mwenzake aliyekuwa mpenzi wake kwa miaka saba. Wageni hao wawili wanakaa hadi usiku wakinywa tequila, na kabla ya kulala wamefanya jambo ambalo asubuhi yake kila mmoja angependa lisahaulike.

Asubuhi hiyo hiyo Iris anawasili bila taarifa.

Kuanzia hapo kicheko na uchungu vinakwenda pamoja. Jack na Hannah wanaficha yaliyotokea. Iris, bila kujua, analala kitanda kimoja na dada yake na kumnong'oneza siri aliyoificha kwa muda mrefu: anampenda Jack. Mtazamaji anajua zaidi ya kila mhusika, na ndipo sentensi ya kawaida mezani inapogeuka kuwa kichekesho na tishio kwa pamoja.

Kwa nini watu watatu?

Kisa cha mapenzi ya watu watatu hakihitaji magari yanayolipuka wala umati wa watu. Kinahitaji meza, vitanda na siri. Watu wawili wakiwa na siri, wa tatu anapoingia mlangoni tayari pana mvutano, na hakuna kilichonunuliwa.

Nyumba moja maana yake ni wafanyakazi wachache, usafiri mdogo na vifaa visivyohamishwa kila siku. Kwa kuwa Your Sister's Sister ilipigwa katika visiwa vya San Juan, jimbo la Washington, maji na misitu ya huko vilitoa mandhari ambayo studio ingeyalipia fedha nyingi.

Hata hivyo, si kila pembetatu ya mapenzi ina uzito sawa. Watatu wakiwa wageni kwa wageni, swali huwa moja tu: nani atampata nani? Wakiwa marafiki na ndugu, swali hubadilika: je, atakayepata mpenzi atapoteza nini? Iris anaweza kumpoteza rafiki na dada kwa siku moja. Hannah anaweza kumpoteza ndugu. Jack, aliyekwisha kumpoteza kaka, anakaribia kuwapoteza watu wawili wanaomshika mkono.

Maneno yaliyozaliwa mbele ya kamera

Shelton alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Badala ya kuandika mswada kisha kutafuta waigizaji, alianza na waigizaji na kujenga wahusika pamoja nao. Wazo la awali la filamu hii lilitoka kwa Duplass, ambaye pia alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake. Katika wazo hilo, kijana anayeomboleza angemkuta mama wa rafiki yake katika nyumba ile. Shelton akapendekeza awe dada badala ya mama.

Mpangilio wa matukio uliandikwa, na baadhi ya mazungumzo pia. Lakini sehemu kubwa ya maneno yanayosikika ilibuniwa na waigizaji wenyewe mbele ya kamera, kila mmoja akiwa anaijua vyema historia ya mhusika wake.

Ubunifu wa papo hapo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kukosa maandalizi. Ukweli ni kinyume chake. Mwigizaji asiyejua mhusika wake aliachana na nani, lini na kwa nini, hawezi kujibu swali asilolitarajia. Ndiyo maana minong'ono ya Iris na Hannah kitandani inasikika kama ya ndugu wa kweli: wanakatizana, wanasita, wanacheka mahali pasipotarajiwa.

Teknolojia nayo ilisaidia. Kamera za dijitali hazitumii mkanda wa gharama, kwa hiyo waigizaji wanaweza kuachwa wazungumze kwa muda mrefu. Mpiga picha Benjamin Kasulke alitumia kamera mbili kwa pamoja, ili neno lililotoka mara moja tu na jibu lake vyote vinaswe. Kazi ya mwisho ya uandishi, kwa maana halisi, ilifanyika mezani kwa mhariri Nat Sanders, ambako saa nyingi za mazungumzo zilichujwa na kubaki dakika 90.

Utaratibu huo ulipata mtihani mapema. Nafasi ya Hannah ilikuwa imepangiwa Rachel Weisz, mwigizaji wa Uingereza, ambaye alilazimika kujiondoa muda mfupi kabla ya kazi kuanza. DeWitt, Mmarekani, aliingia zikiwa zimebaki siku chache.

Tatizo likawa lafudhi. Blunt ni Mwingereza, DeWitt si Mwingereza. Watu wawili hawa wangekuwaje ndugu? Jawabu lilikuwa kuwafanya watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, mmoja akiwa amelelewa Uingereza. Kilichoanza kama dharura kikaongeza uzito wa kisa: ndugu waliokulia mbali wana sababu zaidi ya kuogopa kupotezana. DeWitt baadaye aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike katika Tuzo za Independent Spirit za mwaka 2013.

Deni lisilolipwa kwa urahisi

Filamu hiyo haikosi dosari. Katikati ya kisa inabainika kwamba Hannah, aliyetamani mtoto kwa muda mrefu, alitoboa kondomu iliyotumika usiku ule bila Jack kujua. Jambo hilo linabadilisha kila kitu. Si utani tena. Ni kumnyang'anya mtu haki ya kuamua kama atakuwa baba.

Hasira inalipuka. Jack anaondoka na baiskeli yake, inaharibika, anaishia kulala porini. Ndugu wawili wanabaki nyumbani bila kusemezana. Hapa Shelton anafanya jambo lisilotarajiwa katika filamu iliyojaa mazungumzo: ananyamazisha maneno. Kwa dakika kadhaa tunaona tu watu wanaokwepana, kisha kidogo kidogo wanakaribiana, huku muziki ukipigwa.

Baadhi ya watazamaji wanaweza kuhisi msamaha umekuja mapema mno ukilinganisha na kosa, na hoja yao ina nguvu. Jack anarudi na maneno ya kuwaunganisha wote watatu, na Hannah hapewi muda mrefu wa kulipia alichokifanya. Lakini filamu haidai kwamba deni limekwisha. Katika picha ya mwisho watatu hao wamesimama bafuni wakisubiri kipimo cha ujauzito. Kabla ya jibu kuonekana, skrini inakuwa nyeusi.

Mtazamaji anayetaka kujua kama Hannah ana mimba ataondoka na kiu. Aliyekuwa akijiuliza kama watatu hao bado wanaweza kusimama chumba kimoja amekwisha jibiwa.

Hajachelewa

Shelton mwenyewe hakuanza mapema. Alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Washington, kisha upigaji picha New York, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya uhariri wa filamu. Alipokaribia umri wa miaka 40 aliamini kwamba muda wa kuwa mwongozaji ulikwisha mpita.

Mwaka 2003, katika mkutano wa wapenzi wa filamu mjini Seattle, alimsikia mwongozaji wa Ufaransa, Claire Denis, akisema kwamba yeye alikuwa na miaka 40 alipotengeneza filamu yake ya kwanza. Shelton alisimulia mara nyingi baadaye kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomfungulia njia. Filamu yake ya kwanza ndefu, We Go Way Back, ilitoka mwaka 2006. Humpday ya mwaka 2009, nayo ikihusu urafiki unaojaribiwa, ilimpatia tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Sundance.

Alifariki dunia Mei 16, 2020, mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 54, kutokana na saratani ya damu.

Mwaka huo huo taasisi ya Northwest Film Forum ya Seattle, pamoja na marafiki zake, akiwamo Duplass na nduguye, ilianzisha ruzuku kwa jina lake. Ni dola 25,000 kwa mtengenezaji mwanamke, au asiyejitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke, mwenye umri wa miaka 39 au zaidi, ambaye bado hajatengeneza filamu yake ya kwanza ndefu.

Dola 25,000 hazitoshi kugharamia filamu nzima, hata ndogo kama ya Jack, Iris na Hannah. Lakini kwa mtu mwenye kisa chake, waigizaji watatu anaowaamini na nyumba ya kuazima, zinaweza kutosha kuanza.