Mbolea ya nano: kichupa kinaweza kuchukua nafasi ya mfuko wa urea?

Ndugu wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, simu za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: mbolea ya nano, ile ya kichupa, inafaa kwa mahindi yetu?

Nano ni habari ya udogo. Chukua milimita moja, igawe vipande milioni moja: kipande kimoja ndo nanomita. Chembe za mbolea hizi huwa chini ya nanomita 100, ndiyo maana zinaweza kupenya kwenye vitundu vya jani na nyingi hupuliziwa badala ya kufukiwa. Nyingine hutengenezwa ziachie chakula polepole. Mwaka 2017 watafiti wa Sri Lanka walichapisha kazi yao ya urea iliyoshikizwa kwenye chembe za kalsiamu na fosfeti ili isiyeyuke haraka. Hiyo ndiyo inayonivutia mimi, maana kichanga chetu hakishiki kitu. Ukiweka urea leo, mvua kubwa ikipiga kesho, nitrojeni inazama na mizizi haiifikii tena.

Sasa tuje kwenye kichupa. Kinachojulikana zaidi ni cha India, ushirika wa IFFCO ulikizindua mwaka 2021: mililita 500, nitrojeni asilimia 4, kikinadiwa kuwa kinatosha badala ya mfuko wa urea wa kilo 45. Piga hesabu. Asilimia 4 ya mililita 500 ni gramu 20. Mfuko ule una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 20 na ushee. Mara elfu moja! Na gunia 10 za mahindi za kilo 100 zinaondoka shambani na nitrojeni kama kilo 15. Penye rutuba, mmea utachota akiba ya ardhini na huenda usione tofauti mwaka wa kwanza. Kwetu utachota wapi?

Kwa virutubisho vinavyotakiwa kwa gramu, kama zinki na boroni, kupulizia kuna mantiki. Kwa nitrojeni hapana jamani, bado ni mfuko, samadi, na mbaazi katikati ya mahindi.

Ukiletewa kichupa, uliza kwanza kama kimesajiliwa na TFRA, halafu soma asilimia kwenye lebo. Anayetaka kujaribu atenge mistari mitano ya kichupa, mitano ya urea, na mitano bila chochote. Siku ya kuvuna apime kwa debe lilelile.