Mazoea ya vidole

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mashini nyingi za zamani, kama zile tunazozijua katika ofisi za parokia hapa Bukavu, hazikubali Windows 11, na kununua mpya ni gharama kubwa. Ndiyo sababu wengine wanahamia Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake sisi Wabantu hatulitafuti katika kamusi!

Lakini siku za kwanza zinachosha. Akili inafahamu upesi, vidole vinakataa. Mwenye klaviye ya Kifaransa, mfumo ukiwekwa kwa klaviye ya Kiingereza, anagonga A, inatoka Q. Neno lake la siri linakataliwa, naye anadhani mashini imekufa. Kumbe inatosha kuchagua klaviye inayofaa katika mipangilio.

Barua za Word zinafunguliwa na LibreOffice, ila kama aina ya herufi haipo, mistari inahama, na cheti cha ubatizo cha ukurasa mmoja kinakuwa cha kurasa mbili. Tena kuna hatari kubwa kuliko hizo: anayekubali diski yote ifutwe anapoteza na daftari za Wakristo alizoziandika humo. Kwa hiyo zinakiliwe kwanza mahali pengine, mara mbili. Kisha Ubuntu ijaribiwe siku kadhaa kutoka kwenye flashi, bila kuisimika. Windows inabaki ilivyo.