Elfu 20 za Mpiga Picha Zinanunua Nini?

Ruracio ya dada yangu ilipokaribia, kamati ya familia iligawa kazi. Mjomba akapewa mbuzi, shangazi wakapewa jikoni, nami nikaambiwa, "Wewe si ulisomea mambo ya matangazo? Tafuta mpiga picha."

Niliandikia watatu kwenye WhatsApp swali moja tu: "Bei yako ni ngapi?" Wa kwanza akasema elfu 45, wa pili elfu 35, wa tatu elfu 20. Nikamchukua wa tatu, nikamtumia pesa zote siku hiyo hiyo, kisha nikaenda kujigamba kwa kamati ati nimeokoa elfu 15.

Kijana wa watu alifika mapema na kazi akafanya. Wiki tatu baadaye tukapata picha 50, nzuri kabisa. Lakini ile ya shosho akimfunika dada leso mabegani, ile ambayo sote tulimwona akiipiga, haikuwemo. Kuuliza, nikaambiwa elfu 20 ni za picha 50. Kila ya ziada ni shilingi 300. Nilikasirika, nikaachana naye.

Miezi minne baadaye shosho alituacha. Nilimpigia tena yule kijana, sasa nikiwa tayari kulipa chochote. Alikuwa ameshazifuta zile ambazo hazikuchukuliwa, maana hawezi kuweka za kila mteja milele.

Hakuniibia. Ni mimi niliyenunua kitu bila kuuliza ni nini. Hebu tuelewane kuhusu bei hizi, ili yasikupate yaliyonipata.

Hulipii siku moja pekee

Ukimwona mpiga picha saa sita kwenye sherehe, ni rahisi kudhani umelipia saa sita. Kazi kubwa huja baadaye. Sherehe ya siku nzima inaweza kuzaa picha elfu moja na zaidi. Lazima azipitie zote, aondoe za watu waliofumba macho, achague nzuri, kisha arekebishe mwanga na rangi, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana bei nyingi hutegemea idadi ya picha zilizohaririwa, wala si mara ngapi kamera imelia.

Ndani ya bei hiyo pia kuna kamera na lenzi zinazochakaa, msaidizi wake, bando na mahali pa kuhifadhi picha. Halafu kuna msimu. Jumamosi za Agosti na Desemba hugombaniwa, kwa hivyo usishangae bei ikipanda. Kama sherehe yako inaweza kuangukia siku ya katikati ya wiki, sema mapema. Hapo ndipo kuna nafasi ya kupatana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema "sawa"

*Nitapata picha ngapi zilizohaririwa, na ya ziada ni pesa ngapi?* Hili ndilo lililonikosesha usingizi.

*Utakuwa nasi saa ngapi?* Sherehe zetu tunazijua. Wageni wa saa nne hufika saa saba. Uliza saa moja ya ziada inagharimu nini.

*Usafiri uko ndani?* Mpiga picha wa Nairobi anayeitwa Nyeri ana mafuta ya kulipia, na wakati mwingine malazi.

*Kuna ada za mahali?* Sehemu kama Msitu wa Karura zina ada ya kupiga picha za kibiashara, mbali na kiingilio. Kubalianeni ni nani ataibeba. Ukitaka droni, hakikisha anayeirusha ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

*Nitazipata lini, na utazihifadhi kwa muda gani?* Pata tarehe. "Nikimaliza" si tarehe.

*Picha ni za nani?* Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagiza na kulipia huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwako, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Kwa hivyo soma mkataba. Kama hutaki picha za mtoto wako ziwe tangazo lake mtandaoni, iandikwe humo.

Piga hesabu, usitazame jumla tu

Baada ya mazishi nilirudi kusoma ujumbe wa yule wa elfu 35. Kumbe alikuwa ameambatisha karatasi ya bei ambayo sikuwahi kuifungua: picha 250, usafiri ndani, kuhifadhi mwaka mzima.

Gawanya. Elfu 35 kwa picha 250 ni shilingi 140 kila moja. Elfu 20 kwa picha 50 ni shilingi 400. Na ningetaka picha 250 kutoka kwa yule wa bei nafuu, zile 200 za ziada zingenifikisha elfu 80.

Hii haimaanishi wa bei ya juu ndiye bora kila wakati. Kama unataka picha kumi tu za mahafali, kifurushi cha picha 250 ni kupoteza pesa. Jua unachohitaji kwanza, kisha linganisha.

Sasa, lipa kwa mpango

Usitume pesa zote mara moja kama nilivyofanya. Toa malipo ya awali ya kushikilia tarehe. Wengi huomba nusu. Salio lifuate hatua mnazokubaliana, kwa mfano sehemu siku ya sherehe na sehemu ukishapokea picha. Uliza pia kama malipo ya awali yanarudishwa sherehe ikiahirishwa.

Ukiweza, lipa kwa till au paybill ya biashara yake. Soma jina linalotokea kabla ya malipo kukamilika. Likiwa tofauti na la mtu mliyeongea naye, simama na umpigie.

Baada ya kutuma, mwandikie: "Nimetuma elfu 10 za kushikilia tarehe 14. Tumekubaliana picha 200, saa nane, usafiri ndani." Akijibu "sawa", mna maandishi. Usifute ujumbe wa malipo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari liko mfukoni mwako.

Harusi yenyewe ilifuata mwaka uliofuata, na kamati ikanipa kazi ile ile. Safari hii sikuanza na "bei yako ni ngapi?" Nilimwandikia mpiga picha majina ya wazee wote ambao lazima wapigwe, mmoja mmoja, kisha nikauliza, "Kwa hawa wote, na picha zote nizipate, itakuwa pesa ngapi?"