Sinema ya Wafu na Machozi ya Watoto

Mnamo Oktoba 1968, George Romero wa Pittsburgh, Marekani, alitoa sinema ya kutisha iitwayo Night of the Living Dead, iliyotengenezwa kwa fedha chache, mbali na makampuni makubwa ya Hollywood. Ndani yake wafu hufufuka na kuwala walio hai. Mhakiki Roger Ebert wa Chicago aliikuta ikionyeshwa mchana mbele ya watoto wadogo, waliojaa hofu, wengine wakilia. Upangaji wa sinema kwa umri wa watazamaji ndio kwanza ulikuwa umeanza nchini humo. Ebert aliwashangaa wazazi, na kwa haki kabisa: jina lenyewe lilitosha kuwaonya. Hata hivyo, ustadi wa Romero ulitambuliwa. Mwaka 1999 sinema hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya sinema za kuhifadhiwa.