Samaki wa Rangi Uani: Maji Kwanza

Ye yote aliyepata kuingia katika nyumba za kale za mawe za Lamu ameliona birika la chokaa lililojengwa pembeni mwa choo. Ndani yake wazee wetu wakiweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa, katika sakafu ya birika, wakilaza bakuli la kaure ya Uchina. Mgeni hudhani ni pambo tu. Kumbe birika lilipokaushwa ili lisuguliwe, bakuli lile ndilo lililobaki na maji ya kuwatosha samaki mpaka birika lijazwe tena.

Hulikumbuka bakuli hilo kila nimwonapo mtu amebeba mfuko wa plastiki wenye samaki wa koi, anawapeleka kwake katika kidimbwi ambacho saruji yake imekauka juzi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilinunua samaki sita, wekundu kwa weupe, nikanunua chakula chao, na taa ya kuwamulika usiku. Siku ya tano nilimzika wa sita chini ya mkomamanga. Katika vitu vyote nilivyonunua, hakikuwamo hata kimoja cha kuyashughulikia maji.

Kufuga si kosa. Twamjua Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kidege chake, naye Mtume (S.A.W.) akimuulizia habari zake kwa upole. Lakini twaijua pia habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Paka angalau angeweza kulia akasikika. Samaki maji yakimharibikia hana pa kwenda, na sauti hana.

Koi ni samaki wa jamii ya kapi. Wakulima wa mpunga katika milima ya Niigata, Japani, walikuwa wakifuga kapi kwa kitoweo, na mnamo karne ya 19 wakaanza kuwateua na kuwazalisha wale waliotokea na rangi. Mwaka 1914 walipelekwa katika maonyesho ya Tokyo, na tangu hapo sifa zao zikaenea. Basi huyu ni samaki wa nchi ya theluji tunayemleta katika joto la Mombasa. Akitunzwa vyema hufikia sentimita 60 na zaidi, na huweza kuishi miaka zaidi ya 25. Anunuaye kisamaki cha urefu wa kidole huenda akamwachia mwanawe amlee.

Kwa hivyo kidimbwi kiwe na kina cha mita moja au zaidi, maana maji ya chini hukawia kupata joto, na kichukue si chini ya lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ile ya lita 20. Kama kimejengwa kwa saruji, usikiamini upesi. Saruji mbichi hutoa ukali wa chokaa, nayo hutaka kujazwa maji na kumwagwa mara kadhaa kwa muda wa wiki kadhaa. Wengine huona heri kutandika turubai zito la mpira.

Maji ya mfereji yametiwa klorini ya kuua vijidudu, na klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki. Dawa yake ni thayosalfeti, ile chumvi ambayo wapiga picha wa zamani wakiitumia katika chumba cha giza. Maji ya kisima hayana klorini, lakini yaonje kwanza. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, na visima vingi vina chumvi.

Kifaa kikubwa kuliko vyote ni pampu na chujio lake, navyo hufanya kazi usiku na mchana. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na amonia ni sumu kwake yeye mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza, wala hawauzwi kwa wingi dukani. Huja wenyewe na kujenga makao katika chujio, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Ndiyo sababu samaki wangu hawakuwahi. Si lazima chujio liwe la fahari: pipa lililojazwa nyavu za nailoni zilizochakaa, wanazozitupa wavuvi, lina nafasi tele ya bakteria kushika. Zioshwe kwanza ziondoke chumvi. Baadaye, unapolisafisha chujio, tumia maji ya kidimbwi chenyewe. Ukilisugua kwa maji ya mfereji umewaua wafanyakazi wako wote.

Jambo la pili ni hewa. Maji ya nyuzi 30 huchukua hewa pungufu ya yale ya nyuzi 20 kwa karibu sehemu moja katika sita. Umeme ukikatika usiku, samaki wakubwa ndio hufa kwanza, kabla ya alfajiri. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu. Kama huna, amka uteke maji kwa ndoo na kuyamimina kwa juu.

Mengine ni mepesi: kimia kikuukuu cha kufunika, kwa ajili ya kunguru na paka, na chakula cha kumalizika kwa dakika tano. Koi hana tumbo la kuwekea akiba, basi apewe kidogo kidogo.

Hapa nasema wazi. Kila wiki yafaa kubadili kiasi cha sehemu moja ya kumi ya maji, yaani mitungi 20. Maji yanayotolewa yanywesheni migomba na asumini, hustawi sana. Lakini nyumba inayonunua maji kwa mkokoteni, na majirani wanapanga foleni, haina haja ya koi. Itengeneze birika, iweke visamaki vya mbu.

Mwenye maji ya kutosha na anunue kwanza kipimo cha amonia. Awashe pampu, aweke samaki wawili tu, awalishe kwa uchache na kupima kila siku. Amonia ikipanda, abadili maji siku hiyo hiyo. Ikikaa sifuri wiki mbili mfululizo bila kubadilishwa, ndipo aende kumtafuta wa tatu.